Chupa ya Nusu Lita

Saa tisa usiku kikohozi kinaamka kabla ya baba.
Kinaanza chini, kama mtu anayeburuta gunia
kwenye sakafu ya ghala,
kinapanda, kinagonga, kinarudi mikono mitupu.
Nje ukungu umetoka Shimo la Mungu,
umelalia mabati ya Newala kama mgeni asiyeaga.

Cha kila siku nakijua,
kile cha asubuhi, miaka tisa sasa,
majirani wamekizoea kuliko jogoo.
Hiki ni kingine.
Namulika kopo kwa tochi ya simu:
ya juzi yalikuwa ute wa yai,
ya leo ni kisamvu.

Anasema, Ni.
Anapumzika.
Ukungu.
Anapumzika.
Tu.

Misimu thelathini na miwili mashine mgongoni,
akipulizia salfa mikorosho ya watu,
kinga yake leso ya marehemu mama.
Akirudi jioni tulimcheka:
Baba, hata kope zako zimechanua!
Sigara hakuvuta. Anajivunia hilo mpaka leo,
utadhani kifua huwa kinauliza
vumbi limetoka kwa nani.

Tabibu Litunu alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu,
akaandika kwa herufi kubwa, kwa ajili yangu.
Vidogo vyeupe: vinane kwa mpigo, asubuhi,
akishakula, siku tano.
Vya rangi mbili: kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku saba,
kwa maji mengi, na asikimbilie kulala.
Na pampu ya buluu.
Chombo cha kuvutia hakikuwepo, bohari haijaleta,
basi akaokota chupa ya maji ya nusu lita,
akapasha waya, akatoboa kitako,
pampu ikaingia kama jino kwenye ufizi.
Tikisa, Mzee Nangumbi. Bonyeza.
Vuta polepole. Zuia, hesabu kumi.
Baba akafika tatu, akakohoa,
akaitazama chupa kwa dharau:
nimesafiri na wewe kwenye basi la Masasi,
leo ndiyo daktari wangu?

Siku ya kwanza hakuna kitu.
Siku ya pili aliomba uji.
Ya tatu alinitukana kwa sentensi nzima,
bila kituo katikati,
nikaenda jikoni kulia kwa furaha.

Ya nne, asubuhi, natafuta sindano
kwenye kopo la maziwa ya unga,
naikuta stakabadhi ya korosho imekunjwa vizuri,
ndani yake vyeupe kumi na sita,
vya rangi mbili vinane.
Hesabu alinifundisha yeye, kwa korosho,
hapo barazani, kofi moja kwa kila kosa.
Leo umekunywa?
Nimekunywa.
Naweka karatasi mbele yake. Kimya.
Dirishani harufu ya salfa inaingia,
shamba la kina Chitanda wameanza kupuliza.

Nimepona, anasema. Hiyo ni akiba.
Mwakani kikirudi, tutahangaika?

Baba, dawa si korosho. Haingoji mnada.

Nilidhani atacheka. Hakucheka.
Alinyoosha kiganja, kile chenye nyufa za njano
ambazo sabuni imeshindwa,
nikamhesabia nane.
Alimeza kimoja kimoja,
kila kimoja na kikombe chake cha maji,
ili nisimame pale nione adhabu yangu.

Usiku nimeamka saa tisa, kwa mazoea.
Hakuna gunia linaloburutwa.
Kimya kile kimenitoa kitandani haraka
kuliko kikohozi chochote.
Nimeweka sikio mlangoni.
Plastiki inalia, krak,
halafu baba, kwa Kimakonde, chinichini,
anahesabu.
Hafiki kumi.
Anafika saba, anatoa pumzi,
anaanza tena.